Weazi ya Upande wa Pili

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake, kwa sababu hakuwahi kuniambia na mimi sikuwahi kumuuliza. Nitaanza na kibao chake. Kilikuwa kipande cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyeusi, BARUA, MIKATABA, MALALAMIKO, nacho kilining'inia kwenye baraza hatua chache kutoka mlango wa steshenari yangu, hapa Shinyanga mjini. Kwa miaka mingi kibao hicho kilinikera.

Mtaa mzima tulimwita Mpiga Chapa. Mimi nilikuwa na kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na feni ya kuwapepea wateja. Yeye alikuwa na mashine moja ya chapa, ya chuma, nzito kiasi kwamba aliiacha palepale barazani ikiwa imefunikwa kanga, na hakuna mwizi aliyejisumbua nayo. Hata hivyo watu walishuka kwenye magari ya Samuye, ya Kagongwa, wengine wachimbaji waliotoka huko Geita na vumbi lao, wakapita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo, wakaenda kupanga foleni kwake. Nilidhani ni ushamba. Baadaye nikaelewa kwamba hawakuifuata mashine, waliifuata weazi.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, nalo limezeeka. Yeye alilitamka sawasawa, whereas, kwa utulivu, midomo ikiwa imebana kidogo. Wateja walisema weazi, na weazi ndilo jina lililobaki mtaani. Alilipata kwa wakili mmoja wa Kihindi aliyemwajiri Mwanza enzi za usichana wake, mzee aliyemfundisha kwamba hati isiyo na whereas ni mgeni anayeingia ndani bila kupiga hodi. Barua zote za Mpiga Chapa zilikuwa za Kiswahili, tena Kiswahili kizuri, isipokuwa neno hilo moja, lililosimama mwanzoni mwa kila aya kwa herufi kubwa.

Siku moja nilimuuliza maana yake. Kiingereza changu ni cha sekondari ya kata, na kamusi ilikuwa imenipa maana zisizofanana. Akaniambia neno hilo lina kazi nyingi, kama mama wa nyumbani. Kwenye hati, linabeba mambo yaliyo kweli kabla ya kuombwa lolote. Kila whereas inabeba jambo moja, na ombi halisemwi mpaka yote yamekwisha kuketi. Kwenye maongezi, linaweka pamoja mambo mawili yasiyopatana, kama vile sisi tunavyosema ilhali. Na kwa mawakili wa zamani lilikuwa jina kabisa, walikuwa wakiulizana, "Whereas zako ziko ngapi?"

Yeye alilitumia kwa kazi zote tatu, na nyingine za kwake mwenyewe. Sokoni nilimsikia akimwambia muuza nyanya, "Nyanya zako, whereas ni kubwa, ni za juzi." Kijana wa bodaboda aliyepakia abiria watatu aliambiwa, "Wewe whereas una kofia moja, vichwa hivi vingine unavipeleka wapi?" Na mtu akimjia analia au anafoka, hakumpa pole wala maji. Alimwambia tu, "Kaa. Toa whereas zako kwanza."

Wateja, kama ilivyo kawaida ya binadamu, walilifanya neno kuwa dawa. Waliamini barua yenye weazi haikataliwi. Nakumbuka mzee mmoja aliyeweka fimbo yake mezani, akamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, niwekee weazi tatu, kesi hii ni nzito." Mwingine aliomba weazi kwenye tangazo la mbuzi aliyepotea. Na mimi, nikiona wateja wanapungua, nikaanza kuziuza. Nikabandika karatasi mlangoni: WEAZI ZINAPATIKANA HAPA. Nilizimwaga bila choyo kwenye maombi ya likizo, kwenye kadi za harusi, hata kwenye salamu za rambirambi za kikundi kimoja cha akina mama. Mpiga Chapa alikuja kuisoma ile karatasi yangu, mikono nyuma kama mkaguzi. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Na ya upande wa pili unawaandikia?"

Sikumwelewa, maana sikujua sharti lake. Sharti lilikuwa hili: hakuna barua iliyotoka kwenye mashine yake bila kuwa na whereas moja inayomtetea yule anayelalamikiwa. Moja tu ilitosha, lakini iwe ya kweli na isemwe na mlalamikaji kwa kinywa chake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na yeye alijua hivyo. Alichotaka ni mtu akiri kwamba ngozi ina upande mwingine.

Niliwahi kuliona sharti hilo likifanya kazi. Alikuja mkulima wa Samuye, amevimba kwa hasira, ng'ombe wa jirani yake wamekula choroko zake.

"Andika, mayu. Wamemaliza shamba langu lote."

"Lote?"

"Nusu."

"Whereas nusu," akasema, akagonga. "Haya. Sasa niambie la kwake."

"La kwake lipi?"

"Jema."

"Hana."

"Basi nenda ukalitafute. Karatasi haitoki kwenye mashine."

Mkulima akaja kukaa kwenye benchi langu kwa sababu kulikuwa na feni. Alikaa karibu saa nzima akisonya. Kisha akarudi kwa Mpiga Chapa, akasema kwa sauti ya chini kwamba kisima wanachonywea ni cha jirani huyohuyo, na hajawahi kuwazuia hata mwaka ule wa ukame. Mpiga Chapa akaandika hayo pia, akamsomea yote tangu juu. Mkulima akakuna kisogo, akaomba ile karatasi atoke nayo hivyohivyo, bila ombi. "Wabeja, mayu," akashukuru, akaenda zake. Sijui kama alilipwa choroko. Nadhani hakulipwa.

Lakini asije mtu akadhani Mpiga Chapa alikuwa mpatanishi. Kuna mama mmoja wa Kagongwa, mchuuzi wa mchele, aliyekuja kuandika barua ya kuachana na mumewe. Alipoombwa ya upande wa pili hakusita: "Hajawahi kunipiga, na anawapenda wanangu." Mpiga Chapa akaiandika. Nilingoja mama abadili nia kama yule mkulima. Hakubadili. Akasema, "Sasa weka ombi. Namwacha." Ikawekwa. Barua ile Mpiga Chapa aliisifu kuliko zote, akasema huyo ndiye mtu aliyejua anachokiacha. Mimi nilishangaa, kwa kuwa nilidhani sharti lake lilikuwa njia ya kuwarudisha watu nyumbani. Aliniambia kwamba watu kurudi au kutorudi si kazi ya mpiga chapa.

Tabia zake zingine zilikuwa za kawaida, lakini nazitaja kwa sababu ndizo ninazoziona nikifumba macho. Alinyoosha karatasi kwa mgongo wa kisu cha jikoni. Alikuwa na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye droo, pale ambapo wengine huweka mihuri, na aliitafuna polepole akisoma rasimu. Chai alikunywa bila sukari. Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka Ngokolo, mvua isimzuie. Wazee aliwaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na vijana aliwasubiri wamwamkie kwanza. Aliyesahau shikamoo alipangwa mwisho wa foleni hata kama alikuwa wa kwanza kufika. Karatasi za kaboni hakuzitupa mpaka zilipotoboka.

Na alikuwa mtu mgumu. Hilo nalisema wazi, maana tunapowakumbuka watu tunapenda kuwapaka mafuta. Mwanamke huyu aliyewatafutia maadui wa wenzake neno jema, yeye mwenyewe hakusamehe haraka. Msaidizi wa duka la jirani aliwahi kumwagia maji kanga ya mashine kwa bahati mbaya, akanyimwa salamu kwa miezi. Dhahabu hakuivaa wala hakutaka kuiona. Mchimbaji akimwonyesha kipunje kilichofungwa kwenye karatasi ya sigara, aligeuza uso kama ameonyeshwa uchafu. Mikataba ya wachimbaji aliandika, kwa sababu ndiyo kazi, lakini neno Geita hakulitamka. Alisema "kule."

Sababu ya hayo mtaa mzima uliijua. Mumewe alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi ilipopungua alikwenda kujaribu bahati kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, akaaga kwamba ni msimu mmoja. Alikaa miaka kumi na moja. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kumfuata. Kule alipata mwanamke mwingine, mama lishe wa hapohapo machimboni, akaishi naye, akaugua kifua, akafa, akazikwa kule siku hiyohiyo. Mpiga Chapa alipata habari mumewe akiwa ameshafukiwa.

Shemeji zake wa Samuye hawakulikubali kaburi lile. Kwao mtu hulala walikolala baba zake. Walikuja barazani mara kwa mara, wakimwambia kwamba yeye ndiye mke wa ndoa, yeye ndiye mwenye haki ya kuomba kibali cha kufukua, na yeye ndiye anayejua barua inavyoandikwa. Yeye aliwajibu vilevile kila mara: "Sikuitwa. Mume wangu amezikwa kama mtu asiye na watu, na mimi sikuitwa. Nitamrudisha." Nilishamsikia akilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba nililiamini kama ninavyoamini jina langu. Nilimwonea huruma, na yule mwanamke wa kule nikamchukia bila kumjua.

Ila barua hakuiandika. Nilimwona akiingiza karatasi, akigonga tarehe, akiikalia, kisha akiitoa na kuigeuza kuwa ya mteja mwingine. Mganga hajigangi, nilijisemea. Miaka ikapita.

Mwaka jana mtoto wa jicho alimzidi. Herufi zikaanza kuangukia pasipo mahali pake, kibao akakishusha mwenyewe. Asubuhi moja akaingia dukani kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja, chini ya feni. Tulikuwa wawili tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua hiyo kompyuta yako. Nina barua."

Akanitajia anwani ya mahakama, halafu akaanza kutamka, macho yake yakiwa ukutani. Hakusita hata kwenye nukta.

"WHEREAS marehemu alikuwa mume wangu wa ndoa ya kanisani. WHEREAS alizaliwa Samuye, na baba yake na kaka zake wamelala Samuye. WHEREAS alizikwa ugenini, na mimi mkewe sikuitwa." Akanigeukia. "Sasa andika ombi."

Mikono yangu ilibaki juu ya kibodi. Nilijua ninachopaswa kuuliza na sikutaka kukiuliza. Alikuwa na umri wa mama yangu, na zaidi ya hapo nilikuwa upande wake. Lakini niliwahi kuona watu wazima wakirudishwa kwenye benchi langu kwa kukosa jambo hilo moja, na nikaona kumwandikia yeye bila kuuliza ni kumdharau.

"Mama," nikasema, "na ya upande wa pili?"

Alinitazama kwa jicho ambalo sikudhani bado linaona vizuri hivyo. Nilifikiri ataondoka. Akafungua mkoba, akatoa mchembe, akautazama, akaurudisha.

"Whereas alimuuguza," akasema.

Nikaandika. Nikangoja.

"Andika: miaka miwili. Mume wangu hakuweza kuinuka. Kuna mchimbaji alikuja nimwandikie mkataba, hakujua mimi ni nani, akanisimulia habari za mama lishe wa kule ambaye alikuwa akiacha sufuria jikoni, anakwenda kumgeuza mgonjwa wake kitandani ili asipate vidonda, halafu anarudi kupakua. Kila siku. Nilimsikiliza mpaka mwisho na nikamwandikia mkataba wake." Akavuta pumzi. "Whereas alimgeuza."

Nikaandika: WHEREAS alimgeuza.

Nje mtu wa kutaka fotokopi alichungulia, nikampungia mkono aende.

"Soma hapo juu. Penye kuitwa."

Nikasoma: "WHEREAS alizikwa ugenini, na mimi mkewe sikuitwa."

"Futa hapo mwisho."

"Nifute nini, mama?"

"Sikuitwa. Futa." Alisema polepole, kwa sauti ileile ya kutamkia barua za watu. "Nilipigiwa. Tangu alfajiri nilipigiwa, mara saba. Namba nilikuwa naijua, ni ya huyo mama. Niliiacha simu mezani, ikawa inatikisika karibu na mashine, mimi naandika barua ya mtu. Walingoja mpaka alasiri, ndipo wakamzika. Yule mchimbaji alinieleza. Alisema walikuwa wanamngoja mke mkubwa."

Nilifuta. Kwenye mashine yake angelazimika kuanza karatasi upya. Kwangu neno liliondoka kwa kidole kimoja, na nikaona haya kwamba ni rahisi hivyo. Nikafanya kazi niliyoombwa. Nikamuuliza kama tuendelee na ombi.

"Ondoa anwani ya mahakama," akasema. "Weka jina la huyo mama."

Nikaweka.

"Ombi: naomba nionyeshwe kaburi."

Nikangoja la kumrudisha Samuye. Halikuja. Akasema, "Chapa," akaweka sahihi yake pale nilipomwongozea mkono. Barua tuliipiga picha kwa simu, tukaituma kwenye ile namba, ambayo aliitamka kwa kichwa bila kuitafuta popote. Jibu lilirudi kabla hajamaliza maji niliyompa. Lilikuwa neno moja: Aje.

Nilimsindikiza kwa sababu ya macho yake, na pia, nikiri, kwa sababu nilitaka kuona. Tulipanda basi la alfajiri, tukapita Kahama, mchana tukashuka, tukachukua pikipiki mbili hadi kwenye kijiji cha wachimbaji ambacho upande mmoja kina nyumba na upande wa pili marundo ya mawe. Nilikuwa nimemwahidi kwamba tutawahi basi la jioni la kurudi, na dereva wa pikipiki nilimwambia asiende mbali.

Yule mwanamke alikuwa amesimama nje ya kibanda chake cha chakula. Nilikuwa nimejiandalia mtu mwingine kabisa, sijui kwa nini. Labda mwenye wanja na hereni. Alikuwa mama mnene kiasi, wa makamo, na aproni yake ilikuwa na masizi. Alipotuona alifuta mikono, akaja, akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya Mpiga Chapa kama wafanyavyo wanawake wa huku kwa mkubwa wao.

"Shikamoo, dada."

Salamu hiyo haibaki hewani. Mtoto huijibu, mlevi huijibu, hata mtu mwenye chuki huijibu kwa mkato. Mpiga Chapa hakuijibu. Alisimama, mkoba mkononi, akitazama mahali ilipotoka sauti, na yule mwenzake hakunyanyuka. Wateja wawili walioshika vijiko waliacha kula. Mimi nilijuta kuuliza swali lile dukani.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Inuka. Utachafua nguo."

Wakaenda kaburini wawili, yule mama amemshika kiwiko kwa sababu njia ilikuwa na mashimo. Sikuwafuata. Nililetewa ugali na dagaa, nikala. Kutoka pale niliweza kuwaona kwa mbali, wameinama, wanang'oa nyasi, kila mmoja upande wake. Baadaye wakaketi chini. Baadaye tena yule mama akawa anaongea huku akionyesha kwa mkono, huku na kule, kama mtu anayeeleza nyumba ilivyokuwa kabla ya kubomolewa. Walikaa sana. Dereva wa pikipiki akaanza kupiga honi.

Nikaenda kumwita. Nilimkumbusha habari ya basi, na kwa kuwa sikuweza kujizuia nikamuuliza tutawaambia nini shemeji zake wa Samuye.

"Waambie nilipigiwa," akasema. "Na hapa alipo, tumwache."

"Sawa, mama. Basi simama, twende. Tutachelewa."

Hakusimama. Alikuwa amevua viatu, amenyoosha miguu juu ya mchanga, na yule mwanamke ameketi karibu yake.

"Nenda tu, mwanangu," akasema. "Kuna miaka kumi na moja ya mume wangu siijui. Huyu ndiye anayeijua, na ndiyo kwanza tumefika mwaka wa pili."